Wiki 12 Katika Kikundi cha Majadiliano ya Imani Parokiani

Kikundi ninachokitathmini hapa hukutana jioni moja kila wiki katika ukumbi mdogo wa parokia, kwa dakika 90, na mzunguko wake mmoja ni wa wiki 12. Kimekusudiwa watu wazima wanaotaka kuichunguza imani ya Kikristo kabla ya kuamua lolote: ambao hawajabatizwa, waliobatizwa wakiwa wachanga na baadaye wakajitenga, waliooa au kuolewa na Wakristo, na hata wale wasioweza kueleza vizuri kilichowaleta. Mimi ni wa kundi la pili. Nilibatizwa kabla sijajua kutembea, nikapokea kipaimara kwa sababu wenzangu wote walikuwa wakipokea, kisha nikakaa takribani miaka 15 bila kuingia kanisani isipokuwa kwa harusi na misiba. Nimehudhuria vikao vyote 12, na ninamwandikia mtu anayefikiria kujiunga na kikundi cha namna hii popote alipo, kwa maana nguvu na udhaifu nilioukuta hautokani na ukumbi wala na idadi ya viti, bali na jinsi kazi yenyewe inavyofanywa.

Hukumu yangu naiweka mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta: kikundi hiki ni kizuri sana kinaposoma, na hulegea kila kinapohubiri. Ratiba yenyewe inafanya tofauti hiyo ionekane waziwazi, kwa sababu vikao vya namba witiri huwa vya mada, ambapo mwezeshaji huzungumza na karatasi hugawiwa, na vikao vya namba shufwa huwa vya kusoma Injili ya Marko pamoja, kifungu kwa kifungu. Sikuwa na hamu na vikao vya kusoma nilipoanza. Nilikuwa na maswali, nami nilidhani maswali hujibiwa na mada.

Huduma hii ni ya bure, na hakuna anayeulizwa cheti cha ubatizo wala barua ya utambulisho. Viti hupangwa kwa duara. Tulianza watu 14 tukamaliza 9, na kati ya hao waliobaki sidhani kama wawili walikuwa wanaamini mambo yaleyale. Mwezeshaji wetu ni katekista wa siku nyingi ambaye wote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Mwalimu. Paroko alikuja mara mbili tu, nami nitaeleza mbele kwa nini mara moja kati ya hizo ilikuwa ya thamani. Mtu anayeijua kozi ya Alpha, ile iliyoanzia katika parokia ya Kianglikana ya Holy Trinity Brompton jijini London mwaka 1977, asitarajie mpangilio wake wa mlo wa pamoja, hotuba, kisha makundi madogo. Hapa ni duara moja, mwanzo hadi mwisho.

Inafaa kufahamu pia mahali kikundi kinapokaa katika utaratibu wa Kanisa, kwa sababu kutolifahamu hilo kunazaa woga usio wa lazima. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, Kanisa Katoliki lilirudisha ukatekumeni, yaani maandalizi ya ubatizo, wa watu wazima kwa ngazi, na kitabu cha ibada yake kilitolewa mwaka 1972. Kabla ya mtu kupokelewa rasmi kuwa mkatekumeni, kitabu hicho kinaweka kipindi cha awali cha kusikia Injili na kuuliza maswali, kipindi ambacho hakikupangiwa muda maalumu. Kikundi cha majadiliano kinaishi humo. Hujaahidi kitu, na hujapewa jina jipya. Mwalimu alilisema hilo vizuri katika kikao cha 1, kwamba mlango huu unafunguka pande zote mbili, na anayetoka hataandikwa popote. Natamani angelikumbuka tena katika kikao cha 7.

Sasa nielezee vikao viwili vilivyofuatana, kwa sababu kwangu ndivyo vilivyoamua tathmini hii nzima.

Kikao cha 3 kilikuwa na mada ya mateso. Karatasi tuliyogawiwa ilikuwa na vichwa vinne, na kwa nusu saa ya kwanza Mwalimu alizungumza peke yake juu ya hiari ya binadamu, dhambi ya asili, mateso kama malezi, na tumaini la uzima wa milele. Hakuna alichokisema ambacho kingemshangaza mtu aliyewahi kusoma katekisimu. Alipofika kichwa cha tatu, kaka mmoja aliyezoea kukaa karibu na mlango, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu siku ya kwanza isipokuwa kutaja jina lake, akasema kwamba amemzika mdogo wake miezi michache iliyopita na kwamba anataka kujua Mungu alikuwa wapi. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akiikunja karatasi ile mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa kipande kigumu kisichokunjika tena. Mwalimu akamjibu, "Pole sana, ndugu yangu. Lakini Mungu ana mpango wake, nasi hatuwezi kuujua wote." Kisha akarudi kwenye kichwa cha tatu.

Simwoni Mwalimu kuwa mtu mgumu wa moyo. Maneno yale husemwa katika kila msiba, mara nyingi na watu wanaopenda kwa dhati, na yeye alikuwa na karatasi ya kumaliza na saa inayokwenda. Kosa liko katika umbo la kikao chenyewe: jibu lilikuwa limechapishwa kabla swali halijaulizwa. Nilipofika nyumbani niliisoma tena ile karatasi, nikakuta imenukuu mstari mmoja wa Kitabu cha Ayubu, sura ya 5, unaosema kwamba ana heri mtu anayerudiwa, yaani kuadibiwa, na Mungu. Mstari huo haukusemwa na Mungu wala na Ayubu. Ni maneno ya Elifazi, rafiki wa Ayubu, na katika sura ya 42 Mungu anamkemea Elifazi huyohuyo kwa jina, kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Marafiki wale walifanya jambo moja la maana kabla ya hapo, walipoketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno. Mambo yaliharibika walipoanza kumfafanulia. Aliyeandaa karatasi alichukua tiba kutoka kwa mganga ambaye kitabu chenyewe kimemkataa.

Nilidhani kaka yule hatarudi. Alirudi.

Kikao cha 4 kilikuwa cha kusoma, na kifungu kilikuwa Marko 4:35–41, habari ya Yesu na wanafunzi wake katika dhoruba ziwani. Tulikuwa na tafsiri mbili mezani, ile ya zamani ya Union na ile ya Habari Njema, na desturi ya kikundi ni kwamba mmoja anasoma kutoka hii na mwingine kutoka ile. Tulipofika mstari wa 38, msomaji wetu, kijana wa chuo, akakwama katika tafsiri ya zamani kwenye neno "shetri". Hakulijua, nasi wengi hatukulijua. Mama mmoja mtu mzima ndiye aliyetuokoa, akasema shetri ni nyuma ya chombo, ndiyo tezi, ile ya methali ya tezi na omo. Wote tukaitikia kwa pamoja kwamba marejeo ni ngamani, ingawa nadhani nusu yetu tulikuwa tumeisema methali hiyo maisha yetu yote bila kujua tezi iko upande gani. Kijana akaendelea: "amelala juu ya mto." Kimya kidogo, kisha akauliza kwa uso mkavu kabisa alilalaje juu ya mto wakati walikuwa ziwani. Tulicheka mpaka Mwalimu akavua miwani kufuta macho. Mto wa kulalia, akaelezwa.

Lakini kicheko kile kilitufanya tuuangalie ule mto. Habari hii imo pia katika Mathayo sura ya 8 na Luka sura ya 8, na Mwalimu, ambaye safari hii hakuwa na karatasi, alituomba tufungue na kulinganisha. Katika Mathayo hakuna mto. Katika Luka hakuna mto. Ni Marko peke yake anayekumbuka kwamba alikuwa na kitu cha kuwekea kichwa, na ni Marko peke yake anayewaacha wanafunzi waseme maneno yenye ukali: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Katika Mathayo wanamwomba awaokoe, na katika Luka wanamwita kwa heshima na kumwarifu kwamba wanaangamia. Kwa Marko si ombi wala taarifa, ni lawama. Wanamuuliza kama anajali.

Kaka wa karibu na mlango akasema, "Hilo ndilo swali langu."

Mwalimu hakujibu kitu. Sijui kama alijizuia kwa makusudi au alikosa la kusema, lakini kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno hakuna aliyezungumza, na kisha yule mama wa shetri akasema taratibu kwamba wale watu hawakufukuzwa chomboni kwa kuuliza vile. Wakaulizwa kuhusu imani yao, ndiyo, lakini upepo ulikemewa kwanza. Wengine wakaingia: mmoja akasema kwamba hata hivyo waliokolewa na mdogo wake kaka yetu hakuokolewa, na kwamba hilo lisifichwe, mwingine akauliza kwa nini mwishoni mwa kifungu wanafunzi wanaogopa zaidi kuliko walivyoogopa dhoruba. Hatukufikia jibu. Kaka yule alizungumza mara tatu zaidi jioni ile, na alipoondoka aliichukua nakala ya kifungu bila kuikunja.

Kwa hiyo swali lilelile, kwa watu walewale, kwa mwezeshaji yuleyule, lilipata nafasi katika kikao cha kusoma na likakosa nafasi katika kikao kilichoitishwa kwa ajili yake. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine ya tofauti hiyo sijaiona. Kifungu kinapokuwa katikati ya duara, mwezeshaji naye ni msomaji kama wengine, anaweza kushangaa, na swali la mtu hukutana na swali la mtu mwingine aliyeuliza zamani. Mada inapokuwa katikati, mwenye mada ndiye mwenye kikao.

Kuhusu njia ya kusoma yenyewe nina sifa na lawama. Kikundi hutumia Hatua Saba, njia iliyokuzwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini na kuenea sana katika jumuiya ndogondogo za Kikristo: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua neno au fungu la maneno na kulirudia kwa sauti, kukaa kimya, kushirikishana yaliyogusa moyo, kuzungumzia jambo la kutenda, na kusali. Hatua ya tatu ndiyo ninayoisifu kuliko zote. Mtu asiye na elimu ya teolojia, asiyejua hata kama anaamini, anaweza kusema "si kitu kwako" mara tatu akanyamaza, na atakuwa ameshiriki kikamilifu. Hakuna anayemzidi. Hatua ya nne, ile ya kimya, watu wengi huiogopa, na katika wiki za mwanzo kimya chetu kilijaa kukohoa na kusogeza viti, lakini kufikia kikao cha 8 tuliweza kukaa dakika tatu nzima bila mtu kutafuta cha kufanya.

Lawama yangu ni kwamba njia hiyo ilitungwa kwa ajili ya waamini. Hatua ya kwanza humtaka mtu amkaribishe Bwana kwa sala ya sauti, na ya sita huuliza Bwana anatutaka tutende nini, jambo ambalo mtu anayechunguza hawezi kulijibu bila ama kuigiza ama kujitenga. Katika kikao cha 2 dada mmoja aliyekuja kwa sababu ya mchumba wake aliombwa kufungua kwa sala. Akatazama chini, akasema maneno mawili matatu aliyowahi kuyasikia kwa wengine, na wiki iliyofuata hakuonekana. Baadaye Mwalimu alibadilisha, akawa anasema wazi kwamba anayetaka kupita apite, na hatua ya sita akaigeuza kuwa swali la kawaida, kifungu hiki kimekuachia nini cha kwenda nacho. Marekebisho mazuri, ila yalichelewa kwa dada yule.

Vikao vya mada vilivyobaki nitavipitia haraka, kwa sababu havikuniachia mengi. Cha 5 kilihusu ushahidi wa kihistoria wa Yesu, na karatasi yake ilikuwa na haraka ya kushinda. Ilimtaja Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi wa mwanzoni mwa karne ya 2, anayeandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato wakati wa utawala wa Tiberio, na hilo ni kweli na lina uzito wake. Lakini ilimnukuu pia Yosefu, mwanahistoria wa Kiyahudi, kwa fungu lake lote kuhusu Yesu kana kwamba halina mjadala, ilhali wataalamu wengi, wakiwemo Wakristo, wanaona kwamba fungu hilo liliongezewa maneno na mikono ya Kikristo baadaye. Kijana wa chuo aliligundua hilo kwenye simu yake papo hapo. Sidhani alikuwa na nia mbaya, ila kuanzia hapo kila karatasi iliyogawiwa alikuwa akiihakiki chini ya meza, nami simlaumu. Anayetaka kuaminiwa katika makubwa asikopeshe uaminifu wake kwa madogo yasiyohitajika. Tacitus peke yake alitosha.

Kikao cha 7 ndicho kilichonikera. Mwishoni mwa mada ya sakramenti tuligawiwa fomu yenye nafasi ya kuandika tarehe tunayokusudia kubatizwa, au kurudi katika Ekaristi kwa sisi tuliokwisha kubatizwa, pamoja na jina la msimamizi. Tulikuwa tumevuka nusu ya mzunguko kwa shida, na juma lililotangulia tu, katika Marko sura ya 6, tulikuwa tumejadili jinsi watu wa kwao Yesu walivyomkataa bila yeye kuwafuata na karatasi. Nilijiambia labda ni utaratibu wa ofisi, na baadaye nikaambiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa kuwa majina ya watakaobatizwa katika Mkesha wa Pasaka yanahitaji kupangwa mapema. Naelewa. Hata hivyo watu watatu hawakurudi baada ya jioni ile, na wawili kati yao walikuwa wachangiaji wazuri.

Haraka hiyo inashangaza zaidi ukikumbuka historia ya jambo lenyewe. Andiko la kale la taratibu za Kanisa linaloitwa Mapokeo ya Mitume linataja miaka mitatu ya kumsikiliza mafundisho mtu anayejiandaa, ingawa linakubali kwamba mwenye bidii asihukumiwe kwa muda bali kwa mwenendo. Augustino, ambaye mama yake alimwandikisha ukatekumeni tangu utotoni, alibatizwa na Askofu Ambrosi mjini Milano kwenye Pasaka ya mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32, baada ya kuzunguka kwa Wamanikayo, wafuasi wa dini ya Mani, na kwa wanafalsafa. Kwa fomu ile angeandika tarehe gani?

Kuna kikao kimoja cha mada ambacho kilifaulu kabisa, nacho kinathibitisha kanuni yangu badala ya kuivunja, kwa sababu kiligeuka kuwa cha kusoma. Kikao cha 11 kilihusu Kanuni ya Imani, na paroko ndiye aliyekiongoza. Alikuja na karatasi moja tu, yenye maneno ya Kanuni yenyewe bila maelezo, akatuambia tupige mstari chini ya neno tusilolielewa au tusilolikubali. Nilipotazama karatasi ya jirani yangu ilikuwa imepigwa mistari karibu yote.

Mama wa shetri akauliza kwa nini tunasema "nasadiki" na si "naamini". Swali hilo lilichukua robo saa na hakuna aliyelalamika. Paroko akakumbusha kwamba Wakristo wa madhehebu mengine husema "namwamini", kisha akatuachia tuyachambue maneno yenyewe. Kusadiki limetoka kwa Waarabu na lina ndugu yake sadaka. Ni kukipokea kitu kuwa kweli, kukithibitisha. Kuamini nalo lina jamaa kubwa zaidi: imani, amana, uaminifu, na hata amani. Ukimpa mtu amana umemwamini kabla hujathibitisha chochote. Kijana wa chuo akasema kwamba yeye anaweza kuamini lakini hajaweza kusadiki, akaeleza kwamba kuna watu wa imani hii ambao angewakabidhi mali yake bila hofu, ila sentensi zao hawezi kuzithibitisha. Kaka wa karibu na mlango akasema kwake ni kinyume: anasadiki yote, tangu utoto hajawahi kulikana hata neno moja, ila kumwamini Mungu ndiko kulikomshinda tangu msiba ule. Nilikuwa nimesoma habari za imani kwa miaka kadhaa bila kuona tofauti hiyo ikisemwa wazi namna ile, na ilisemwa na watu wawili ambao, kwa kipimo cha ile fomu, hawakuwa wamefika popote.

Tukaenda mpaka kwenye "aliyezaliwa bila kuumbwa", na hapo paroko alieleza kwa kifupi ugomvi ulioyazaa maneno hayo: Ario, padri wa Aleksandria, akifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko vyote lakini kiumbe, maaskofu wakakutana Nisea mwaka 325 kwa wito wa Kaisari Konstantino, na sehemu kubwa ya maneno kuhusu Roho Mtakatifu ikatiwa katika Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Alipoulizwa kuhusu "atokaye kwa Baba na Mwana", hakuzunguka. Akasema maneno "na Mwana" hayakuwamo katika maandishi ya mwaka 381, yaliongezwa baadaye upande wa Magharibi, na Wakristo wa Mashariki hawajayakubali hadi leo. Nilimtazama kijana wa chuo. Hakuitoa simu.

Vikao viwili vya kusoma nataka nivitaje kabla sijafunga, na cha kwanza ni cha 8, Marko 9:14–29, habari ya baba mwenye mtoto mgonjwa. Mstari wa 24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", ulirudiwa katika hatua ya tatu na watu sita kati ya kumi tuliokuwepo, bila kupatana. Sikuwa nimejua kwamba sentensi hiyo imo katika Biblia. Kama ningeisikia mahali pengine ningedhani imesemwa na mtu aliyekuwa anakaribia kuondoka kanisani.

Cha mwisho, cha 12, kilikuwa Marko sura ya 16. Mwalimu alieleza kwamba hati mbili za kale zinazoheshimiwa sana, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zinaimaliza Injili hii kwenye mstari wa 8, ambapo wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakitetemeka na hawamwambii mtu neno kwa kuwa waliogopa. Mistari ya 9 hadi 20, ambayo Kanisa huisoma kama Maandiko, wataalamu wengi huiona kuwa nyongeza ya zamani. Akapendekeza tusome mpaka wa 8 tu, tukae kimya, kisha tuamue wenyewe kama tunataka kuendelea. Hilo, kutoka kwa mtu aliyemjibu kaka yule kisha akarudi kwenye kichwa cha tatu miezi miwili na ushei iliyopita, lilinionyesha kwamba mzunguko ule haukuwafundisha wanakikundi peke yao. Tulipiga kura. Watano walitaka kuendelea, wanne walitaka tuishie pale, nasi tukaendelea, ingawa mimi nilikuwa miongoni mwa wale wanne.

Mambo machache ya kiutendaji kwa anayefikiria kujiunga. Dakika 90 zinatosha kwa kusoma na hazitoshi kwa mada. Usikose kikao cha 2, kwa sababu ndipo njia inapofundishwa. Biblia zipo lakini hazitoshi wote, na ni vizuri kuja na tafsiri isiyofanana na ya jirani yako. Upungufu mmoja mkubwa ni kwamba hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuwatafuta wanaokosekana. Nilipouliza kuhusu yule dada wa kikao cha 2, niliambiwa kwamba hawapendi kumsumbua mtu aliyejiondoa. Nia hiyo naiheshimu, lakini kuna tofauti kati ya kumfuata mtu na fomu na kumpigia simu kumuuliza hali.

Mzunguko mwingine unaanza karibuni, na Mwalimu ameniomba nikae tena kwenye duara, si kama mwezeshaji, bali kama mtu aliyekwisha kuipitia njia. Kuhusu fomu yangu, bado iko ndani ya Biblia, tupu, imewekwa penye Marko 4. Nimemjibu kwamba nitakuja, nikamwomba jambo moja: karatasi ya mateso iondolewe kwenye ratiba, na dhoruba isomwe katika kikao cha 3. Akasema karatasi ile ilishachapishwa nakala nyingi. Kisha akasema atazungumza na paroko.